Kikombe Kimoja kwa Kumi

Ndugu, jamaa, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba uvumilivu wa kama robo saa, kwa maana marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu karatasi hizi. La kwanza ni kwamba asiitwe mpole, mkarimu wala mcheshi, kwa sababu, alisema, waliomfahamu watacheka na wasiomfahamu watadhani wamekosea msiba, na la pili ni kwamba historia yake itakapofika mwaka 1996 isomwe sentensi moja ambayo yeye mwenyewe aliiruka mwaka huo kwa makusudi, isomwe kwa sauti, mbele ya mdogo wake, ambaye leo amekaa mstari wa kwanza, na mbele ya kila mtu aliyewahi kusema kwamba mkono wa mdogo wake umeharibika.

Agizo hilo la pili lilibishaniwa nyumbani kwa siku tatu, mtoto wa kiume wa marehemu akisema mambo ya ndani hayaanikwi msibani, mume wake akisema yeye atakubali lolote mradi asiulizwe mara ya pili, na mdogo wake, ambaye ndiye aliyekosewa, akikataa kuliko wote. Tulivyoafikiana mtasikia mbele. Anayesoma ni binti wa marehemu, na atakapotajwa humu atatajwa kama wengine, kwa nafasi yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba namba tisa ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mfuaji wa mashuka ya hospitali, na kwa muda wa miaka mitatu, miezi miwili na siku kumi na tisa alikuwa mtoto pekee, muda ambao mpaka uzeeni aliutaja kama watu wanavyoitaja nchi waliyohama. Tarehe 2 Juni 1956 alizaliwa mdogo wake, na mama yao aliporudi nyumbani na kifurushi, marehemu alikifunua, akakitazama kwa muda, akauliza hospitali hufungwa saa ngapi, ili kama ni kurudisha, kirudishwe mapema.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza Januari 1960 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, na mwaka 1962, akiwa darasa la tatu, mwalimu aliwapa watoto kila mmoja punje moja ya haragwe wakaipande nyumbani, naye akaipanda yake kwenye kopo la maziwa lililooshwa mara mbili, akalitoboa matundu matano kwa msumari, akawa anaimwagilia kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na kuupima mche kwa rula kila siku kabla ya kunywa chai. Mdogo wake, aliyekuwa na miaka sita na hata shule hajaanza, aliokota punje iliyoanguka sakafuni, akaichomeka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akakisahau karibu na karo. Baada ya wiki tatu haragwe la kopo lilikuwa na inchi nne na nusu, la kikombe lilikuwa na inchi saba na limeshaanza kuukwea ukuta, na mama yao, akipita na beseni la nguo kichwani, alisema maneno ambayo hakuyapima, "Jamani, huyu mdogo ana mkono," akaenda zake kuanika. Marehemu alikuwa na miaka tisa, na alikuja kutuambia kwamba maisha yake yote yaliyofuata alikuwa akimjibu mwanamke mwenye beseni, ambaye alikwishasahau alichosema kabla hajafika kwenye kamba.

Alijiunga na sekondari Januari 1967 na kumaliza Novemba 1970, na hapa familia inaomba msikilizaji ashike jambo moja, kwamba mwaka 1969 mikono ya mama yao ilivimba na kupasuka kwa sabuni, ikawa haikunji hata kitambaa, na kwa kuwa mdogo alikuwa anamaliza darasa la saba mwaka huohuo, na mkubwa yuko kidato cha tatu na anashika nafasi ya pili darasani, ikaamuliwa, kwa namna mambo ya nyumbani yanavyoamuliwa bila mtu kuamua, kwamba mdogo abaki kufua na mkubwa aendelee. Mkubwa akaendelea, akasomea ufundi sanifu wa maabara kuanzia 1971 hadi 1973, akawa analia kwa wivu juu ya yule aliyekuwa anashika nafasi ya kwanza, na kila mwisho wa mwezi akirudi nyumbani alikuta sare zake zimefuliwa na kunyooshwa. Hakuwahi kuuliza mdogo wake alikuwa anafikiria nini wakati anazinyoosha.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1974 katika shule ya sekondari ambayo wengi wenu mmesoma au kufundisha, na hakuhama mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2013, yaani miaka thelathini na tisa, mwezi mmoja na siku kumi na tatu katika chumba kimoja chenye madirisha manne, meza sita za mbao zilizounguzwa na tindikali, na kabati la chupa ambazo lebo zake zote zilitazama mbele kama askari wa gwaride. Wenzake watamkumbuka akiwa ameinama mbele ya silinda ya kupimia, jicho moja amelifumba, akimwambia mwalimu mwenye shahada kwamba hiyo si mililita ishirini na tano, hiyo ni ishirini na tano na uvivu. Marehemu alimwonea wivu mwalimu wa biolojia kwa miaka kumi na mitano kwa sababu wanafunzi walimpa mwalimu huyo jina la utani na yeye walimwita Madam tu, na wanafunzi walipoanza kumwita Mama Mapipa, mwaka 1989, alifurahi wiki nzima, hadi alipogundua kwamba mhasibu ana majina mawili.

Kuhusu ndoa, tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na msoma mita wa idara ya maji, mtu ambaye kwa kazi yake alikuwa anaingia kila ua wa mji huu na kuinama nyuma ya kila nyumba, na majirani wakamtabiria bibi harusi ndoa ya mashaka. Mashaka yalikuwepo, lakini hayakuwa yale waliyoyadhani, kwa kuwa wake wengine wa wasoma mita waliuliza nani alifungua mlango, na marehemu aliuliza kimeota nini. Mzee mwenyewe bado anasimulia jinsi siku moja alivyoulizwa kwa fundi saa mmoja kuna nini, akajibu kuna mke, watoto wawili na mbwa mkali, akaambiwa, "Baba, mimi nakuuliza boga, limefika wapi?" na alipoonyesha kwa mikono ukubwa wa boga, mkewe alisusa kula.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1977, ambaye ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa tarehe 23 Aprili 1981, ambaye anafundisha chuo kikuu na ndiye anayesoma. Marehemu aliwapenda watoto wake kwa vipimo sawa, kwa maana halisi ya vipimo, kikombe kilichochorwa mstari, na hakuwahi kuwaonea wivu isipokuwa pale walipompenda mama yao mdogo, yaani kila Jumapili.

Sasa tunafika kwenye mapipa. Mwaka 1986 mdogo wake, ambaye alikuwa ameolewa na dereva wa lori anayekuwa nyumbani wiki moja kati ya nne, alipata kipande cha ardhi nyuma ya zahanati akaanzisha kitalu cha miche, nyanya, pilipili hoho, michungwa na maua ya mipakani, akiotesha kwenye viriba vya nailoni kwa maji ya kisima na majivu ya jikoni tu, bila kupima, bila kuandika, huku anaongea na wapita njia, na miche ikaota mpaka watu wakawa wanatoka mji wa pili kuifuata. Marehemu alitembelea kitalu hicho mara moja, akasifu kwa maneno machache, akarudi nyumbani, na tarehe 3 Mei 1987 akanunua pipa la kwanza. Kama mkono ni kipaji, alisema, basi maabara itaona.

Kwa faida ya vijana wasioujua ufundi wake, mbolea ya maji aliitengeneza hivi: gunia la samadi lilifungwa mdomo kwa kamba, likatumbukizwa ndani ya pipa la maji kama kifuko cha majani ya chai, likawekewa jiwe lisielee, pipa likafunikwa kwa kitambaa ili lipumue na inzi wasiingie, na kila baada ya siku mbili likakorogwa mizunguko arobaini kwa mti mrefu, ishirini kulia na ishirini kushoto, mpaka povu litulie na maji yawe meusi. Pipa la kwanza lilikuwa la samadi ya ng'ombe, la pili la samadi ya kuku, la tatu la majani ya alizeti mwitu yaliyokatwakatwa, na baadaye, miaka ya neema, likaja la nne la maganda ya ndizi na majivu, la tano la mkojo wa sungura, la sita la magugu aliyoyang'oa mwenyewe, akisema yaliyoiba chakula yatakirudisha, na la saba ambalo ndani yake mlikuwa na vyote na halikufunguliwa mbele ya wageni. Harufu mnaijua. Fundi cherehani wa upande wa pili wa ukuta alimwambia mwaka wa kwanza, "Dada, wateja wangu wanadhani nashona maiti," akajibiwa kwamba nyanya zikiiva ataletewa, na aliletewa, na tangu siku hiyo alivumilia.

Nyanya za marehemu zikawa nzuri, tena nzuri sana, na picha zipo. Lakini zilikuwa nzuri kwa mapipa matatu, daftari na mizunguko arobaini, na za mdogo wake zilikuwa nzuri kwa majivu na maongezi, na hilo ndilo alilokuwa analala nalo na kuamka nalo.

Tarehe 11 Septemba 1996 mdogo wake alikuja nyumbani saa tisa alasiri, akakaa jikoni kwenye kiti kifupi, akaeleza kwamba hospitali, ileile ambayo mama yao aliifulia mashuka, inataka kuanzisha bustani kubwa ya kulisha wagonjwa na imemwomba yeye miche elfu mbili na mia nne, kazi ambayo hajawahi kupata mfano wake, na kwamba kwa mara hii majivu anayaogopa, anataka miche itoke na nguvu, basi dada amwandikie ile mbolea yake ya kuku. Alisema, na haya ni maneno aliyoyarudia marehemu mwenyewe, "Wewe ndiye msomi, dada, mimi nabahatisha tu." Marehemu alichukua karatasi ya grafu, akachonga penseli, akaandika uzito wa samadi, ujazo wa pipa, ukubwa wa jiwe, siku kumi na nne, mizunguko, namna ya kuchuja kwa kitambaa mara mbili, saa ya kumwagilia, kila kitu mpaka nusu kikombe, kisha akainua penseli kabla ya mstari wa mwisho, akaikunja karatasi, akampa.

Siku ya kumi na tatu mdogo alirudi, akasimama mlangoni bila kuingia kwa kuwa mikono yake ilinuka, akauliza, "Dada, hii kitu mbona kali hivi, inaniwasha macho, haitaki maji kweli?" na marehemu, ambaye alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso, alimjibu maneno mawili, "Fuata karatasi."

Aliifuata. Alimwagilia tarehe 27 Septemba asubuhi, saa iliyoandikwa, na kufikia tarehe 29 majani ya miche elfu mbili na mia nne yalikuwa yamejikunja na kubadilika rangi pembeni kama karatasi iliyopita karibu na moto, na tarehe 5 Oktoba 1996 kitalu kilifungwa. Watu walisema mkono umegeuka. Wengine walisema ulikuwa wa kuazima. Mdogo wake hakubishana na mtu, akaenda kuajiriwa hospitali, akafua mashuka katika chumba kilekile alichofulia mama yao, kuanzia Januari 1997 hadi Juni 2016, na hakuuza tena hata mche mmoja.

Sentensi iliyorukwa ni hii, na tunaisoma kama ilivyoandikwa katika daftari la marehemu lenye jalada jeusi, ukurasa wa thelathini na moja: Kabla ya kumwagilia, changanya kikombe kimoja cha mbolea na vikombe kumi vya maji, mpaka iwe na rangi ya chai hafifu, usipofanya hivyo itaunguza mizizi.

Tunairudia kwa walio nje. Kikombe kimoja kwa kumi. Mkono haukugeuka, haukuwa wa kuazima, na haukuwa na kosa lolote isipokuwa kumwamini dada.

Ili tusimfanye marehemu mbaya kuliko alivyokuwa, na wala bora, tunaeleza kwamba hakupata alichokitaka. Alitaka kuwa wa kwanza, na badala yake alimtazama mdogo wake akipewa pole na mji mzima, watu wakimletea chakula, wakikaa naye mpaka jioni, wakimshika bega, na akajikuta anaona wivu hata juu ya pole hizo, akirudi nyumbani anamwambia mume wake, "Mimi nyanya zangu zilipopigwa na ukungu nani alikuja?" Kila Jumamosi, kwa miaka ishirini na mitano, alimpelekea mdogo wake dumu la lita tano la mbolea iliyochanganywa sawasawa, bila maelezo, akisema ni kwa ajili ya ule mlimau wako, na mdogo alilipokea bila maelezo, akaumwagilia mlimau, nao ukazaa mpaka matawi yakawekewa nguzo, jambo lililomuuma marehemu, ambaye wake mwenyewe, uliokunywa kutoka mapipa yaleyale, ulikuwa na malimau kumi na moja.

Kuhusu ugonjwa, tarehe 17 Januari 2022, saa moja asubuhi, marehemu akiwa anakoroga pipa la nne, mzunguko wa ishirini na sita, pumzi ilimkatika, akakaa chini huku ameshika mti, na hospitali ikamkuta na moyo uliotanuka. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda namba sita, kwa siku kumi na nane, na wauguzi watakumbuka kwamba malalamiko yake makubwa yalihusu kitanda namba saba, ambacho dripu yake ilikuwa inashuka haraka zaidi. Daktari alipomwambia kwa utani kwamba moyo wake umekuwa mkubwa, alijibu kwamba ni mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo, na aliomba iandikwe.

Aliporuhusiwa hakuweza tena kuinua mti wa kukorogea, na mdogo wake, bila kuombwa, akaanza kuja kila siku saa moja asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano na magoti yake mabovu, kukoroga mapipa saba kwa zamu, ishirini kulia na ishirini kushoto, huku marehemu amekaa dirishani kwenye kiti cha mto, akihesabu. Povu lilitulia siku mbili mapema kuliko lilivyokuwa likitulia kwake. Aliliona, akaliandika kwenye daftari, tarehe na saa, kwa mwandiko uliobonyea mpaka ukurasa wa pili.

Tarehe 12 Mei 2023, saa kumi alasiri, alimwita mdogo wake ndani, akamwambia binti yake asitoke kwa kuwa anataka shahidi, asije mtu akasema baadaye kwamba aliomba msamaha vizuri kuliko alivyoomba, akafungua ukurasa wa thelathini na moja akaeleza jambo zima kwa mpangilio, vifaa, hatua na matokeo. Mdogo wake alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta muda mrefu baada ya kukauka, akasema, "Najua." Aliulizwa anajua nini. "Moja kwa kumi. Najua tangu mwezi ule wa kumi." Akaeleza kwamba ndoo ya mbolea iliyobaki aliiacha nje ikiwa imefika vidole vinne kutoka chini, mvua ikanyesha mpaka ikajaa, akaimwaga nyuma ya choo juu ya mche mmoja uliokuwa umetupwa unakufa, na baada ya wiki mche ukasimama, na mtu aliyefua nguo tangu ana miaka kumi na tatu hahitaji karatasi ya grafu kujua maji kiasi gani yanaondoa ukali wa kitu.

Marehemu alimuuliza kwa nini basi hakusema. Binti aliyekuwepo anashuhudia kwamba jibu lilikuwa hili, neno kwa neno. "Wewe dada ulikuwa na shule, na sare nilizinyoosha mimi. Ulikuwa na maabara, ulikuwa na mume anayerudi saa kumi na moja, viatu vyake unavisikia mlangoni. Mimi nilikuwa na hilo lako moja. Nikalifungia ndani, kila Jumamosi ukija na dumu lako nalitoa nalitazama, nasema, leo anaumia kuliko mimi."

Uani pipa lilikuwa linatokota. Kisha marehemu akasema, kwa sauti ya mtu aliyetangaziwa matokeo ya mtihani, "Hata kunyamaza umenishinda," na mdogo wake ndiye aliyeanza kucheka, wakacheka wote wawili mpaka mmoja akaishiwa pumzi na mwingine akamshika mgongo, na binti akatoka nje kwenda kukoroga pipa ambalo lilikuwa limeshakorogwa. Jioni hiyo marehemu aliandika maagizo yake mawili.

Tangu siku hiyo hali yake ilipanda na kushuka, na tarehe 6 Agosti 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, baada ya kuuliza kama pipa la saba limefunikwa na kujibiwa kwamba limefunikwa, alifariki dunia nyumbani, katika kiti chake cha dirishani, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi minne na siku ishirini na tatu. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja na mapipa saba.

Mdogo wake alikataa sentensi ile kusomwa, akisema lile lilikuwa lake, amelitunza miaka ishirini na saba, na dada hawezi kuondoka akalibeba na hilo. Hatukumlazimisha, na karatasi hizi ziliandikwa kwanza bila ukurasa wa mwaka 1996. Lakini jana asubuhi, akiwa amekaa nje anapokea wageni, alikuja mama mmoja wa mtaani, mtu mwema, hatumlaumu, akamshika mikono akasema, "Pole, jamani, na ungekuwa na ule mkono wako wa zamani, si ungempandia dada yako maua?" Mama mdogo aliweka kikombe chake chini, akaingia ndani, akatukuta mezani na karatasi ya maagizo, akatuambia maneno mawili, "Fuateni karatasi." Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba yake, ambako hatujawahi kuingia, akatuonyesha makopo sita ya maziwa, kila moja na matundu matano, na ndani yake miche ya maua aliyoiotesha tangu tarehe 13 Mei, siku moja baada ya kuambiana ukweli, kwa mbolea ya pipa la saba, kikombe kimoja kwa kumi. Miche hiyo itapandwa leo baada ya maziko, ataipanda mwenyewe, na wanaotaka kuuona huo mkono wautazame.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi aliyekubali kuhesabu matone ya kitanda namba saba mbele yake na kumthibitishia kwamba ni sawa, kwa walimu, wahudumu na wanafunzi wa shule aliyoitumikia, ambao wameleta lebo zake za chupa zikiwa zimefungwa kwa uzi, kwa majirani wote wa upande wa upepo unakoelekea, kwa fundi cherehani ambaye ameshona nguo aliyovikwa na hakukubali asante, kwa mume wake aliyepima kila boga la mji huu kwa macho, na kwa mdogo wake, ambaye hatujui tuanze kumshukuru kwa lipi. Kwa niaba ya mapipa, tunaomba radhi.

Pumzika kwa amani, mama, na usichungulie kaburi la jirani lina maua gani, yako yanapandwa na mwenye mkono.